Spesa kwenye GT86: rimu zimezama ndani ya fenda, nifunge 20 mm au niache?

#1 Gia_ya_Tatu

Wakuu, habari za muda huu.

Nina Toyota GT86 yenye rimu zile zile za kiwandani: inchi 17, upana 7J (inchi 7), ET48 (uso wa rimu unaokaa kwenye gari uko 48 mm nje ya katikati ya upana wake; namba ikipungua tairi linatoka nje), tairi 215/45. Miezi miwili iliyopita niliishusha kwa springi, kama 25 mm hivi, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Ilipokuwa juu macho yalikuwa yanahangaika na ule uwazi kati ya tairi na fenda. Sasa uwazi umekwisha, nikizunguka nyuma naona fenda limetuna kama bega la mpiga mieleka halafu tairi liko ndani huko limejikunyata. Mke wangu aliliangalia gari mara moja tu akasema, "Limevaa koti la baba yake." Tangu siku hiyo kila nikiliona naona koti.

Rimu mpya kwa sasa sina mpango nazo. Nimefikiria spesa, zile sahani za kusukuma rimu nje, 20 mm mbele na 25 mm nyuma. Nimeuliza mafundi wawili. Wa kwanza: "Spesa ni kifo, mimi sifungi." Wa pili: "Lete, nusu saa umeshaondoka." Nikawauliza wote kwa nini, hakuna aliyenipa jibu la kueleweka.

Sasa naomba mnisaidie hizo sababu. Ni nini hasa kinachofanya tairi lichomoke? Na ni kweli beringi zinakufa? Picha siweki, naona aibu.

#2 Kijiti_cha_Oili

Natandika mkeka hapa. MX-5 yangu nayo imevaa koti la baba yake.

#3 Mzee_wa_Hesi

Bwana mdogo, mafundi wako wote wawili wamekujibu kivivu. Neno spesa linabeba vitu viwili tofauti, na mabishano mengi ni watu kuzungumzia vitu tofauti kwa jina moja.

Ya kwanza ni sahani tupu yenye matundu. Unaichomeka kwenye stadi, zile bolti zilizotokeza kwenye gari, rimu inakuja juu yake, unafunga kwa nati zile zile. Ya pili ni ya kufungwa: unaikaza kwenye habu, kile kitovu kinachobeba rimu, kwa nati zake, na yenyewe imepachikwa stadi zake mpya zinazoshika rimu. Hii ya pili wengi wanaiita adapta, hasa ikiwa inabadilisha PCD, yaani kipenyo cha mduara wa matundu ya nati.

Tuanze na sahani tupu. Stadi yako haijarefuka, kwa hiyo kila milimita ya spesa inaiba milimita ya hesi, ile mikato ambayo nati inazungukia. GT86 inatumia stadi za M12x1.25, yaani nati ikizunguka mara moja inasogea 1.25 mm. Mimi nafuata kanuni ya zamani ya karakana: nati ishike hesi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi. 12 gawanya kwa 1.25 ni mizunguko 9 na nusu hivi. Ukiweka sahani ya 5 mm umeshaibiwa mizunguko 4. Hii unaihesabu mwenyewe kwa vidole: funga nati kwa mkono tangu inaposhika hadi inapogota, hesabu kwa sauti. Ukigota kwenye 5 au 6, toa hiyo sahani uitumie kuwekea kikombe, au ubadilishe stadi uweke ndefu.

La pili, na hili ndilo linalopuuzwa, ni katikati. Habu ya GT86 ina mdomo wa mviringo unaoingia kwenye tundu la rimu, kipenyo 56.1 mm. Huo mdomo ndio unaoiweka rimu katikati unapofunga. Sahani ya 3 mm inaacha mdomo wa kutosha. Sahani ya 15 mm kwenda juu ina unene wa kukerezewa mdomo wake yenyewe, kwa hiyo rimu inapata pa kukaa upya. Balaa liko katikati, 8 hadi 10 mm: ni nene kiasi cha kumeza mdomo wa habu, na ni nyembamba mno kutengenezewa wa kwake ulio imara. Rimu inabaki inaegemea nati peke yake kutafuta katikati. Hapo ndipo mtu anakuja analalamika usukani unatetemeka akifika kilomita 100 kwa saa, anabalansi tairi mara nne, kumbe tairi halina kosa.

Sasa swali lako lenyewe. Watu wanadhani gari limetundikwa kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Hapana. Nati ikikazwa inaivuta stadi, stadi inajinyoosha kidogo sana kama springi ngumu, na huko kujinyoosha ndiko kunaibana rimu kwenye habu. Kinachobeba gari ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa. GT86 inakazwa kwa Nm 120 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha au kupinda). Kwa stadi kavu ya M12, hiyo inakupa mbano wa kama tani 5 kwa kila nati, nati tano tani 25. Rimu iliyobanwa kwa tani 25 haiendi popote.

Mbano ukipungua, kutu ikisagika au rangi ikilainika katikati ya nyuso, rimu inaanza kucheza kidogo ambako jicho halioni. Kuanzia hapo kila tairi likizunguka stadi inapinda na kurudi. Tairi lako la 215/45R17 linazunguka kama mara 509 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 100 ni mara elfu 50 na ushee. Chuma chochote ukikipinda mara elfu hamsini kitakuambia ukweli.

Ya kufunga ina dawa ya hesi, kwa sababu stadi zake ni mpya na kamili. Ubaya wake ni mmoja: nati za ndani zimefichwa na rimu. Ukitaka kuzikagua lazima uvue tairi, na binadamu tunajuana.

#4 Baharia_wa_Lami

Mzee maelezo mazuri ila mimi nabaki na fundi wa kwanza. SPESA NI KIFO. Nimekuwa nyuma ya gari la mshikaji wangu, tairi la nyuma kulia likatoka tukiwa kwenye mteremko, likatupita sote linaruka kama mbuzi. Bahati tu hapakuwa na mtu. Tangu hapo hata ukinipa bure sitaki.

#5 Mzee_wa_Hesi

Pole sana, na nashukuru mlitoka salama. Zilikuwa za aina gani? Zilikatika stadi au zilifunguka nati?

#6 Baharia_wa_Lami

Zilikatika stadi. Tatu zilikatika, mbili zilibaki zimechanika hesi. Spesa zilikuwa sahani, nadhani 12 mm, mbili.

#7 Mzee_wa_Hesi

Mbili kwa maana moja kila upande?

#8 Baharia_wa_Lami

Mbili upande mmoja. Moja juu ya nyingine.

#9 Gia_ya_Tatu

😳

#10 Mzee_wa_Hesi

Basi stadi za kawaida zikapita kwenye 24 mm za sahani halafu zikaombwa zishike nati kwa ncha. Hapo nati zilikuwa zimeshika mizunguko mitatu minne, na rimu haikuwa na mdomo wa kukalia. Ningeshangaa kama isingetoka.

Kama mliokota vipande vya stadi, viangalie uso wake pale palipokatika. Stadi iliyochoka polepole ina sehemu laini yenye mistari iliyojikunja kama mchanga ulioachwa na maji, halafu upande mmoja pana kipande cha chengachenga ambacho kilimalizia kwa ghafla. Hiyo sehemu laini ndiyo siku zote ambazo mshikaji wako alikuwa anaendesha akidhani yuko salama.

#11 Baharia_wa_Lami

Ninacho kimoja, nilikiweka kwenye dashibodi kama ukumbusho. Nimekwenda kukiangalia sasa hivi kwa tochi. Ni kama ulivyosema. Robo tatu ni laini imesafishika, robo ndiyo imechanika. Halafu mshikaji alikuwa analalamika wiki nzima kuna mlio "tik tik tik" akienda polepole na kioo kimefunguliwa. Tukasema ni jiwe kwenye tairi.

Sawa, naondoa herufi kubwa. Ila bado sifungi.

#12 Kona_Kali

Nichangie upande wa beringi na wa barabarani, maana hapo pana hadithi nyingi.

Spesa ya 20 mm inageuza ET48 yako kuwa ET28. Beringi haijui kama hiyo ET28 imetoka kwenye spesa au kwenye rimu iliyotengenezwa hivyo. Anayekwambia spesa inaua beringi halafu mwenyewe amefunga rimu za ET25, mwambie mko jahazi moja. Kwa ukubwa wake: gari lenu lina kama kilo 1,250, wastani kilo 310 kwa kila tairi. Ukiusogeza huo mzigo nje kwa 20 mm umeongeza kama Nm 60 za kupinda kwenye beringi. Kona moja kali, tairi la nje linaipelekea beringi zaidi ya Nm 1,000. Kwa hiyo ndiyo, beringi itachoka mapema kiasi, ila haitakufa kesho kwa ajili ya spesa iliyokaa vizuri. Inayotetemeka hiyo itaiua beringi na mengine mengi.

Kuhusu kona: kiwandani upana kati ya matairi ni 1,520 mm mbele na 1,540 nyuma. Ukiongeza 20 kila upande mbele unapata 1,560, na uzito unaohamia tairi la nje kwenye kona unapungua kwa asilimia 2 na nusu hivi. Ipo, ila usije ukatuambia gari sasa linakata kona kama la mashindano. Unafunga kwa ajili ya macho, kiri tu, hakuna atakayekucheka hapa.

Kitu ambacho utakisikia mikononi ni usukani. Tairi za mbele zikitoka nje, ile sehemu inayogusa barabara inakuwa mbali zaidi na mhimili ambao tairi linageukia. Matokeo yake mashimo na mifereji ya lami inauvuta usukani, na ukifunga breki upande mmoja ukiwa kwenye mchanga gari litataka kwenda kwake. Ndiyo maana mimi huwa naweka kidogo mbele, zaidi nyuma. Lakini usizidishe huo mwachano: ukipanua nyuma peke yake, mbele itakuwa nzito kuingia kona.

Na kabla ya yote, angalia sheria za unakoendesha na uongee na bima yako. Ujerumani spesa inatakiwa iwe na karatasi zake za uthibitisho. Australia miongozo yao ya kurekebisha magari hairuhusu spesa ambazo gari halikutoka nazo kiwandani.

#13 Binti_Klachi

Kaka zangu, mnaongea stadi na nati tu, tukumbukeni na sisi wa bolti.

Nina Porsche Cayman ya 987. Habu haina stadi, bolti inapita kwenye rimu na kuingia kwenye habu, M14x1.5. Kwa hiyo ukiongeza spesa lazima ununue bolti ndefu kwa kiasi kile kile cha spesa. Wala msione ni uhuni. Porsche wenyewe waliwahi kutoa 911 kiwandani zikiwa na spesa nyuma, 993 Carrera 4S ni mojawapo.

Kosa langu mimi halikuwa urefu, lilikuwa kichwa. Bolti za Porsche pale zinapokalia rimu zina umbo la mpira, mviringo. Aliyeniuzia akanipa bolti ndefu zenye kikalio cha koni, nyooka kama faneli. Ukizitazama haraka kwenye karatasi ya nailoni hazina tofauti. Fundi akafunga, akakaza Nm 130 kama inavyotakiwa, spana ikapiga "ka!", tukafurahi. Kilomita kama 60 mbele nikaanza kuhisi kiti kinanitekenya. Nikasimama pembeni, nikajaribu bolti kwa spana ya gari, ikazunguka kama kizibo cha chupa. Ya pili hivyo hivyo. Nilipoivua nikaona kwenye rimu pete moja nyembamba inayong'aa. Koni ilikuwa inagusa ule mviringo kwa mstari tu, badala ya kuukalia wote. Mbano wote ulikuwa umesimama kwenye huo mstari, alumini ikabonyea, mbano ukaisha.

Sasa kila bolti mpya naiweka kando ya ile ya zamani juu ya meza na kuzitazama kwa upande. Sekunde tano. Ningezitumia siku ile ningejiepushia kulala njiani na kunusa harufu ya breki za malori.

Halafu bolti ikizidi urefu nayo ni shida, inatokeza nyuma ya habu na kukwangua vilivyoko huko, kwa mfano viatu vya breki ya mkono. Baada ya kufunga zungusha tairi kwa mkono likiwa hewani, usikilize.

#14 Kijiti_cha_Oili

Dada hiyo ya "kiti kinanitekenya" imenifanya nitoke nje usiku huu kwenda kujaribu nati zangu. Zipo sawa. Na sina hata spesa.

#15 Rimu_Sahihi

Naomba niharibu sherehe. Gia_ya_Tatu, umesema rimu mpya huna mpango nazo, lakini sikiliza hesabu kwanza.

Rimu yako ni 7J, upana wa 178 mm hivi, nusu yake ni 89. Toa ET48, ukingo wa nje uko kama 41 mm kutoka uso wa habu. Ukiweka spesa ya 20 unakuwa 61. Sasa chukua rimu ya 8J ET40: nusu ya upana ni 101.6, toa 40, unapata 61.6. Ni pale pale! Kwa ndani inaingia chini ya 5 mm tu kuliko uliyonayo. Yaani bila spesa yoyote umejaza fenda vile vile, na juu yake umepata inchi nzima ya upana ya kuvaa tairi la 225 au 235 likakaa vizuri. Hakuna nati za kufichwa, hakuna mdomo wa kukereza.

Na uzito pia. Spesa ya alumini ya 20 mm yenye kipenyo cha sentimita 15 ina kama gramu 700. Si nyingi na iko karibu na katikati, lakini unabeba chuma kisicho na kazi ila kusukuma.

Spesa kwangu ni ya mtu anayependa sura ya rimu zake na hataki kuziacha. Kama hupendi rimu zako, unatumia pesa kuonyesha vizuri zaidi kitu usichokipenda.

#16 Gia_ya_Tatu

Mkuu hesabu imeniingia na imeniuma. Kwa kweli hizi rimu nazipenda, ndiyo tatizo. Ni za gari, zina ule mtindo wa spoku zinazozunguka, sijaona za nje zinazonipa raha hiyo. Kwa hiyo niko kwenye kundi lako la kwanza.

Ila nimeanza kuogopa 25 za nyuma. Nitajuaje kama hazitakwangua fenda kabla sijanunua?

#17 Kona_Kali

Uzi na nati. Uzi wa kushonea, si huu tunaoandika.

Egesha sehemu tambarare, sukuma gari mbele na nyuma kidogo saspensheni itulie. Funga nati kwenye uzi, bandika ncha ya juu kwa utepe kwenye ukingo wa fenda, juu kabisa katikati ya tairi, uache nati ining'inie hadi usawa wa kitovu cha rimu. Subiri iache kuyumba. Pima kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi, ile iliyotuna ubavuni, wala si ukingo wa rimu. Kipimo hicho ndicho nafasi uliyonayo gari likiwa limesimama. Pima pande zote nne, utashangaa kushoto na kulia havilingani. 3 au 4 mm za tofauti ni kawaida kabisa.

Toa 5 mm za akiba. Kilichobaki ndicho kikomo chako.

Hapo ni kusimama. Kwa kubonyea: inua gari, liweke kwenye stendi, kisha weka jeki chini ya mkono wa saspensheni na upandishe tairi moja hadi karibu gari linyanyuke kutoka kwenye stendi yake. Pitisha vidole kati ya tairi na fenda. Mbele fanya hivyo usukani ukiwa umekatwa mwisho kushoto, halafu kulia, uangalie na ile plastiki ya ndani ya fenda. Tairi la nyuma likipanda huwa linalala ndani kidogo kwa juu, kwa hiyo mara nyingi linakusamehe. La mbele halina huruma, kwenye kona za kuegesha ndiko linakokamata.

#18 Nati_Ishirini

Swali la pembeni wakuu. Nina BRZ, nimeona rimu kali sana ila ni 5x114.3 (matundu matano kwenye mduara wa 114.3 mm) na gari yangu ni 5x100. Adapta itanisaidia?

#19 Mzee_wa_Hesi

Itakusaidia kwa masharti. Adapta ya 5x100 kwenda 5x114.3 lazima iwe na nafasi ya nati za ndani na ya stadi za nje bila kugombana, kwa hiyo tegemea kuanzia 20 mm, na 25 ndiyo ninayoiona ina nyama ya kutosha. Maana yake rimu unayoitaka iwe na ET kubwa. Ukichukua rimu ya 9J ET38 ukaongeza adapta ya 25 unabaki na ET13, tairi litakuwa nje linaota jua. Anza na ET unayotaka kumalizia, ongeza unene wa adapta, hiyo ndiyo ET ya rimu ya kutafuta.

Na matundu ya katikati yawe mawili tofauti: ndani 56.1 kwa ajili ya habu yako, nje ule mdomo ulingane na tundu la hiyo rimu. Muuzaji akikuambia "inaingia gari zote", mshukuru uondoke.

Kuhusu chuma: tafuta alumini ya 6061-T6 au 7075-T6 iliyokerezwa kutoka kwenye gogo zima. Ile ya kumiminwa kwenye kalibu ina vitundu vya hewa ndani ambavyo huvioni, na pale stadi inapopachikwa ndipo itakapopasuka.

#20 Gia_ya_Tatu

Nimerudi na matokeo. Wiki mbili nzima, nisameheni.

Uzi na nati uliniambia nyuma nina 29 kushoto na 26 kulia. Mbele 26 na 25. Nikatoa 5, kwa hiyo ndoto ya 25 nyuma ikafa hapo hapo. Nimechukua za kufungwa, 20 pande zote, mdomo 56.1 ndani na nje, stadi M12x1.25. Nilifikiria 15 mbele, ila kwa unene huo stadi za gari zingetokeza mno nje ya spesa.

Hata kwa 20 nilikuwa na wasiwasi na hizo stadi. Nikabandika donge la udongo wa kuchezea wa mwanangu kwenye ncha ya kila stadi ya habu, nikapachika rimu kwa mkono, nikaibana kidogo, nikaivua. Udongo ulikuwa na alama lakini haukubonyezwa hadi chuma. Mgongo wa rimu una mashimo kati ya matundu ya nati na stadi zinaishia humo. Mwanangu anadai udongo wake umeharibika rangi.

Habu ndizo zilizonitoa jasho. Nilidhani ni safi. Nilipovua diski nikakuta pete ya kutu kuzunguka mdomo, imeinuka kama ukoko wa sufuria. Brashi ya waya, kama dakika ishirini kila moja, hadi ukucha ukipita hauhisi kitu. Kwa spesa ya 20 ukoko wa nusu milimita upande mmoja ungeilaza rimu nzima, hilo niliona kwa macho: jaribio la kwanza upande wa nyuma kulia spesa ilikuwa inabembea ukibonyeza ukingo. Nikaitoa, nikakuta chembe moja ya kutu imeng'ang'ania chini ya mdomo.

Nikapaka utando mwembamba wa grisi ya kuzuia kugandana kwenye mdomo wa habu tu. Hesi kavu. Nati za ndani Nm 120 kwa mpangilio wa nyota, nati za rimu Nm 120, gari likiwa bado limegusa chini kidogo ili tairi lisizunguke.

#21 Mzee_wa_Hesi

Hesi kavu, hapo umenifurahisha. Wengi wanapaka grisi wakidhani wanaitunza stadi. Ukipunguza msuguano kwenye hesi, Nm 120 zile zile zinaivuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa, na spana haitakuambia.

Umezirudia?

#22 Gia_ya_Tatu

Ndiyo. Baada ya kilomita 80 nilivua matairi yote manne asubuhi kukiwa na baridi, chuma kimepoa. Nati za ndani 20, kumi na tisa spana ilipiga bila kusogea. Moja, mbele kushoto, ilisogea kama robo ya mzunguko kabla ya kupiga. Sijui ilitokana na nini. Nimeitia alama ya rangi nyeupe kutoka nati hadi kwenye spesa, na nyingine zote pia, nikivua tena nitaona kama mstari umekatika.

Usukani ni kama Kona_Kali alivyosema. Kwenye barabara yenye mifereji ya matairi ya malori nashika kwa mikono miwili, zamani kwa mmoja. Mawe madogo sasa yanapiga chini ya milango, naona itabidi nitafute vizuizi vya tope. Sitetemeki popote.

Na mke wangu amesema koti sasa limeenea mabegani, ila mikono bado mirefu. Nadhani anataka nishushe tena.

#23 Mzee_wa_Hesi

Hiyo iliyosogea irudie tena kwenye kilomita 200. Ikisogea mara ya pili usiikaze tu ukaondoka. Vua spesa, angalia chini yake, na ukague ile nati na stadi yake.

#24 Rimu_Sahihi

Hongera mkuu. Siku ukizichoka hizo spoku, 8J ET40. Mimi nipo.

#25 Kijiti_cha_Oili

Wakuu, mimi mwenye MX-5 nichukue 20 kama hizo hizo?

#26 Mzee_wa_Hesi

MX-5 ipi? Ya kwanza, ya pili na ya nne ni 4x100, tundu 54.1. Ya tatu ni 5x114.3, tundu 67.1. Stadi zao ni M12x1.5, hesi haziingiliani kabisa na za GT86. Nenda kapime kwa uzi na nati pande zote nne, ufungue uzi wako, utuwekee namba hapo.